NYUMBA YA MSTARI MMOJA: Kabati la Chuma

Kilikuwa baridi.

Dada Futi aliondoa kiganja, akakifuta kwenye gauni, akakirudisha tena. Baridi ileile, kama sakafu ya zege asubuhi. Na taa ndogo ya kijani mbele ya kisanduku iliendelea kuwaka bila wasiwasi, kama mtu anayekudanganya huku anakutabasamia.

Hapo ndipo tulipomwacha, msomaji. Yuko juu ya stuli kwenye ujia wa nyumba ya wapangaji, ameshika kisanduku cha waifai ambacho nyumba nzima imekuwa ikikiinulia simu kwa miezi minne.

Fundi wa nguo anajua habari za joto. Pasi ikifanya kazi hupata joto. Cherehani ya umeme hupata joto. Hata shingo ya mtu aliyeinamia kitambaa tangu asubuhi hupata joto. Kisanduku hiki kilisemwa kinawahudumia watu watano kutwa kucha. Kingekuwaje baridi?

Saa ilikuwa nane na dakika kumi mchana. Saa tisa kamili, chuo cha ufundi kingempigia kwa picha.

Kwa aliyeungana nasi leo, mambo yako hivi. Chuo kinatafuta mwalimu wa ushonaji. Dada Futi, aliyepewa jina hilo kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni, ameshona miaka kumi na tisa. Hana cheti cha kuringia, ana mikono tu. Katika usaili wa kwanza aliulizwa swali la pili, akafungua mdomo ajibu, na picha ikaganda. Wasaili watatu walimtazama kwa dakika kumi na moja akiwa amekodoa jicho moja na mdomo wazi. Barua ya chuo ilikuja na adabu zake, lakini ilikuwa fupi: watampigia mara ya pili, na ikikatika tena watamchukua anayefuata.

Kukimbilia kwa jirani hakukuwezekana. Usaili wa leo ulimtaka apachike mkono wa koti mbele ya kamera, kwenye cherehani yake mwenyewe. Cherehani hiyo ni ya miguu, chuma kitupu. Iliingizwa chumbani na wanaume wanne na haijatoka tena. Na simu peke yake, bila waifai, katika nyumba ile iliyojibanza bondeni, haikuwa na nguvu ya kutuma hata picha ya kifungo.

Akachomoa mkasi mdogo mfukoni, akafungua skrubu mbili kwa ncha yake. Kifuniko kikatoka.

Ndani hamkuwa na waya wala chuma. Mlikuwa na taa moja ndogo ya kijani, zile za kuwekwa ukutani ili watu wasijikwae wakienda chooni, imebandikwa kwa gundi ya karatasi.

"Dada Futi! Umeua waifai!"

Huyo alikuwa Kinyozi, mpangaji wa chumba cha mbele. Leo ilikuwa siku yake ya mapumziko, na kama kawaida alikuja amebeba simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la supu.

"Imekufa zamani," akajibu Dada Futi. "Njoo uone maiti."

Kinyozi akachungulia. Akachungulia tena.

"Hiki ni nini?"

"Taa ya kwendea chooni."

"Dada, usinitanie. Miezi minne nimeweka kiti changu hapa chini. Shingo imepinda. Nimekaa kwenye baridi ya ujia huu kama mlinzi. Kwa ajili ya taa ya choo?"

"Na ulikuwa unaapa kwamba hapa ndipo inaposhika vizuri."

"Ilikuwa inashika!"

"Ilikuwa inashika kichwani mwako."

Mlango wa pili ukafunguliwa kwa kishindo. Mwalimu wa hesabu alitoka na kalamu sikioni, sura imekunjamana. Yeye hufundisha kwa simu watoto wa mitaa ya mbali, na watoto hao wamezoea kusikia nusu ya jawabu.

"Nani amegusa kisanduku? Nina wanafunzi sita wamekwama katikati ya desimali! Ni wewe, Kinyozi. Mpira wako ndio unaokula waifai ya nyumba hii. Kila mwezi kifurushi kinaisha wiki ya tatu, na Mzee mwenye nyumba ameshasema ni wewe."

"Mpira gani, Mwalimu? Mimi naona wachezaji wamesimama tu. Mwezi mzima sijaona goli, naona wanaume wamekunja miguu!"

"Nyamazeni, jamani," akasema Dada Futi, akalibandua lile ganda tupu ukutani, akawatupia. "Nyote mmekuwa mkigombania hiki."

Mwalimu aligeuza ganda mara tatu. Kisha akatazama simu yake, uso ukabadilika.

"Subirini. Jina la waifai ya nyumba bado linaonekana hapa. Mstari mmoja, lakini upo. Kwa hiyo kinachotoa mawimbi ni kizima. Hakipo hapa. Kwa hiyo kipo kwingine."

"Asante kwa elimu," akasema Kinyozi.

Dada Futi alikuwa ameshashuka kwenye stuli. Mkononi alikuwa na chaki yake ya kuchorea nguo.

"Tutaipima nyumba kama ninavyompima mteja. Simu moja tu, yangu. Zenu zizimeni. Kila mahali nikisimama, Mwalimu hesabu mpaka kumi ili mistari itulie, halafu naandika sakafuni."

Wakaanza. Pale kilipokuwa kisanduku cha uongo: mstari mmoja. Jikoni: mmoja. Bafuni: sifuri. Chumbani kwa Dada Futi, pale penye cherehani: mmoja, ukafifia, ukapotea. Mlangoni kwa Kinyozi: miwili. Uani, mbele ya kile chumba kitupu kilichofungwa kufuli tangu mpangaji wake ahame: miwili.

"Chumba hakina mtu, kina mtandao sawa na mimi ninayelipa kodi," akanung'unika Kinyozi.

Wakarudi ndani. Mbele ya mlango wa mwenye nyumba Dada Futi alisimama, Mwalimu akahesabu, na chaki ikaandika: tatu.

Watatu hao wakatazamana. Halafu wakasikia funguo.

Mwenye nyumba hakuhitaji kubisha hodi popote, funguo zake zilimbishia. Pete nzima ilining'inia kiunoni, funguo kubwa na ndogo, na kazi ya kila mmoja aliijua. Alikuwa mtunza bohari kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Mzee Bohari. Alivua kofia, akatazama chini.

"Nani ameandika kwenye sakafu yangu?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani ameandika kwenye sakafu yangu?"

Dada Futi alichukua lile ganda kwa Mwalimu. Akamnyooshea Mzee, pamoja na taa yake ya gundi.

Mzee Bohari alilitazama. Msomaji angetegemea aone haya. Wapi! Alinyoosha mgongo.

"Hicho ni chambo. Kile cha kwanza si kilichomolewa ukutani na mpita njia mchana kweupe? Nikasema hainipati mara ya pili. Mwizi akija, aibe ganda."

"Na chenyewe kiko wapi, Mzee?"

"Kiko salama."

"Salama wapi?"

"Mahali pa salama. Mimi nimekaa bohari miaka thelathini na moja, haukupotea hata msumari."

Mwalimu akashika kichwa. "Kabati la chuma," akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. "Mzee, umeifungia waifai kwenye kabati la chuma."

"Kuna ubaya gani?"

"Mzee wangu," akasema Dada Futi, akijitahidi sauti isipande, "taa ukiiwasha ukaifungia kabatini, utasomea gazeti sebuleni?"

"Taa ni mwanga. Haya ni mawimbi. Yanapita ukuta wa matofali, yashindwe na kibati?"

"Ukuta yanaupita kwa taabu," akaingilia Mwalimu. "Yakikuta chuma yanarudi yalikotoka."

"Wewe umesoma desimali. Mimi nimesoma bohari."

Hapo uvumilivu wa Dada Futi ukakatika kama uzi mbovu.

"Mzee! Nimenunua kikuza mawimbi, nikakirudisha. Nimenunua waya mrefu, haukuwa na pa kuchomekwa. Nimehamisha kitanda mara tatu. Nimemtukana huyu Kinyozi kwa mpira ambao hata yeye hakuuona! Miezi minne tunaombana radhi na kutukanana kwenye ujia huu, kumbe tunainulia simu taa ya choo. Saa tisa napigiwa. Nikikatika leo, nitaendelea kupunguza suruali za watu mpaka macho yaingie giza. Nakuomba, fungua kabati."

Mzee Bohari akateremsha macho.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, binti yangu. Lina funguo mbili. Ndiyo kanuni ya bohari: mtu mmoja hafungui peke yake. Mmoja ninao mimi. Wa pili anao dada yangu."

"Basi mwite!"

Mzee akakohoa. "Hatusemezani tangu juzi."

Saa nane na dakika ishirini na tisa.

Dada Futi alitoka mbio mpaka uani. Shangazi, kama wapangaji wote wanavyomwita dada yake Mzee, alikuwa anaanika mashuka, vibanio viwili vya nguo vimo mdomoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kama umetumwa ufunguo, rudi. Mwambie mtunza bohari kwamba bohari imefungwa."

"Amekukosea nini?"

Shangazi akavuta shuka kwa hasira. "Mwanangu wa kumzaa yuko mbali huko, amepata mtoto. Kila akinipigia nimwone mjukuu, picha inakuja vipande vipande. Mtoto ameota meno mawili, mimi nimeona pua tu. Namuuliza mdogo wangu, ananijibu nini? Eti simu yako ni ya zamani, dada. Eti kidole chako kizito. Miezi minne kidole changu kizito!"

"Shangazi, humo kabatini unajua mna nini?"

"Hati za nyumba. Si ndivyo alivyoniambia?"

"Mna waifai."

Kibanio kimoja kikaanguka. Cha pili kikafuata. Shuka likabaki linaning'inia kwa pembe moja, na Shangazi, mwenye magoti yanayolalamika hata akiinuka kitini, akapita mlango wa uani kama bibi harusi aliyechelewa.

"Miezi minne!"

"Dada, tafadhali, mbele ya wapangaji..."

"Mbele ya wapangaji ndiyo vizuri, nao yamewapata! Umenifanya nitie saini kwenye daftari lako, nizungushe ufunguo kwa mkono wangu mwenyewe, nimfungie mjukuu wangu kabatini!"

"Nilikuwa nalinda mali ya nyumba."

"Sema: simu ya dada yangu ni nzima."

"Dada..."

"Sema, au naumeza huu ufunguo."

Mzee Bohari alitazama sakafuni, palipoandikwa tatu kwa chaki.

"Simu ya dada yangu ni nzima."

"Na kidole?"

"Na kidole ni chepesi."

Ufunguo ukatoka kifuani mwa Shangazi.

Saa nane na dakika thelathini na nane waliingia chumbani kwa Mzee. Kabati lilisimama pembeni, la kijivu, refu kuliko Kinyozi. Mzee alichomeka wake, Shangazi akachomeka wake. Kisha mkono wa Mzee ukaenda wenyewe rafuni.

"Daftari. Saini kwanza."

"MZEE!" wakapiga kelele watu watatu.

Shangazi alitia saini huku anatukana kimoyomoyo. Mazoea ni mazoea.

Mlango ukalia. Waliondoa mafaili, wakaondoa taulo, wakatoa bati la biskuti lililotobolewa upande mmoja kupitisha waya, na ndani ya bati, kimejikunyata, kisanduku cheusi. Dada Futi akakigusa, akaondoa mkono haraka. Kilikuwa cha moto kama pasi.

"Maskini," akasema Kinyozi. "Kimekuwa kikipiga mayowe humu ndani, hatukisikii."

Waya wake ulikuwa mfupi, uliishia juu ya kabati. Wakakiweka hukohuko juu, mbali na bati na mafaili, mlango wa chumba wazi. Taa zake zikaanza kupepesa. Mzee alieleza, kama mtu anayejua kila kifaa cha bohari yake, kwamba ile ya mwisho hupepesa mtu anapovuta mtandao. Akivuta sana, inapepesa kama imepagawa.

Wakapima upya. Ujiani: minne. Jikoni: mitatu. Mlangoni kwa Kinyozi: mitatu. Kinyozi akacheza hatua mbili pale lilipokuwa ganda la uongo, akamshika Mwalimu mkono, naye Mwalimu akasahau kuuondoa.

Dada Futi akakimbilia chumbani kwake, akasimama penye cherehani, akatazama simu.

Mmoja.

Akaizima, akaiwasha. Mmoja.

Saa nane na dakika arobaini na nane.

Aliketi kwenye kigoda chake. Hakulia. Alikuwa amevuka hatua ya kulia, alikuwa pale ambapo mtu anacheka bila sababu. Chumba chake na cha Mzee vimegawana ukuta mmoja. Kisanduku kiko upande wa pili, hatua nne kutoka alipokaa. Kinyozi mwenye chumba cha mbali ana mitatu, na yeye ana mmoja!

"Ukuta ni uleule wa nyumba nzima," akasema Mwalimu kutoka mlangoni, akikuna kichwa. "Hapa katikati kuna kitu kingine."

Dada Futi akainua macho, akajiona. Alijiona mzima, kuanzia kilemba mpaka kandambili, katika kile kioo chake kikubwa cha kupimia nguo kilichoegemea ukuta wa Mzee na kuufunika karibu wote.

Aliinuka polepole. Akaweka simu mbele ya kioo: mmoja. Akapenyeza mkono nyuma, kati ya kioo na ukuta, kisha akauchomoa upesi, asome kabla haijabadilika.

Minne.

Nyuma ya kioo kulikuwa na bati. Bati zima, la ukubwa wa mlango, lililogongomewa kwenye fremu kwa misumari midogo iliyopangwa vizuri kabisa. Aliligongomea yeye mwenyewe, mwaka juzi, ili kioo kisije kikavunjika.

Kwa miezi minne alikuwa amemlaumu Kinyozi, akamlaumu Mwalimu, akailaumu kampuni ya mtandao, na nusu saa iliyopita alikuwa amemfokea mzee wa watu mbele ya dada yake.

"Kumbe na mimi nina kabati langu," akasema.

Mzee Bohari, aliyesimama nyuma ya wote, akasafisha koo. Angeweza kusema mengi. Alisema moja tu: "Tubebe."

"Pisheni," akasema Kinyozi. "Mimi na vioo tumekula sahani moja. Mwalimu, shika chini. Usikibane, kibembeleze. Mguu wa kushoto... wa kushoto, Mwalimu! Hesabu zote hizo hujui kushoto?"

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kushoto kwa kioo!"

Kioo kilipita mlangoni kikikwaruza, kikatua ujiani bila ufa. Dada Futi akatazama simu. Mmoja. Miwili. Minne.

Zilibaki dakika sita.

"Bado," akasema Mzee Bohari. Sasa alikuwa amevaa miwani, daftari liko kwapani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishwa kazini. "Kila simu humu inavuta. Hata ikilala mfukoni inavuta. Zileteni zote. Naziandika, mnatia saini, naziweka kabatini na kufunga mpaka binti huyu amalize."

Mwalimu akatabasamu kwa mara ya kwanza katika hadithi hii. "Sasa ndiyo kazi ya chuma, Mzee. Humo hazitavuta kitu."

Simu ya Kinyozi ikaandikwa, ya Mwalimu ikaandikwa, ya Shangazi ikaandikwa na neno "nzima" likaongezwa pembeni kwa amri yake. Mzee akaweka na ya kwake. Funguo mbili zikazunguka.

Saa tisa kamili simu ya Dada Futi ikalia.

Nyuso tatu zikatokea, safi, mpaka alihesabu vifungo vya shati la mkuu wa chuo. Wakamsalimu, akawasalimu. Wakamwambia aanze.

Alichukua koti la kijivu lisilo na mkono. Akalinganisha alama ya juu ya mkono na mshono wa bega, akachoma pini ya kwanza. Akaigawa ile ziada ya kitambaa kidogo kidogo kwa ncha za vidole, kama mtu anayemlaza mtoto, hapa kidogo, pale kidogo, mpaka mkono wote ukakaa kwenye tundu lake bila kujikunja. Kisha akakanyaga. Cherehani ikaimba. Hakutazama simu hata mara moja. Alipogeuza koti upande wa nje, bega lilikuwa laini, hamna hata mkunjo mmoja.

Upande wa pili mwanamke mwenye miwani akamnong'oneza mwenzake, na mwenzake akaitikia kwa kichwa.

"Vizuri, fundi," akasema mkuu. "Swali la mwisho. Mwanafunzi wako ameharibu koti la mt... la mtej... ut..."

Picha ikasita. Uso wa mkuu ukagawanyika vipande vitatu, kidevu kikabaki peke yake.

Damu ilimpanda Dada Futi mpaka masikioni. Tena! Simu zote zimo kabatini, kioo kiko ujiani, kisanduku kiko juu, na tena! Alitamani kuipiga simu chini. Badala yake alikumbuka jinsi anavyofanya kitambaa kikiwa hakitoshi: unapunguza urembo, unabakiza vazi.

"Naomba nizime picha, nibaki na sauti," akasema, mkono ukibonyeza. "Mikono yangu mmeshaiona. Nimesikia: mwanafunzi ameharibu koti la mteja. Nitamwambia alifumue mwenyewe, uzi kwa uzi, mimi nimekaa pembeni yake. Sitamfumulia, na sitamwacha peke yake. Lakini kabla hajashika wembe wa kufumulia, nitakagua kipimo nilichompa mimi. Leo hii nimemfokea mtu kwa kosa, nikageuka nikakuta na langu limesimama nyuma yangu, kubwa kama mlango."

Kimya.

Kimya kile cha usaili wa kwanza. Akafumba macho.

"Fundi, upo?"

"Nipo."

"Tulikuwa tunashauriana. Kazi ni yako. Ila jengo letu linakarabatiwa, kwa hiyo mwezi wa kwanza utafundisha kwa picha kutoka hapohapo ulipo. Jumatatu saa mbili asubuhi, wanafunzi ishirini na wawili. Picha lazima ionekane muda wote, wanajifunza kwa macho. Hakikisha hukatiki, fundi."

Alipotoka ujiani, Kinyozi alimnyanyua juu, futi na vyote. Shangazi akapiga vigelegele. Mwalimu alimpa mkono kwa heshima kama mwenzake kazini, na hakika sasa alikuwa mwenzake.

Mzee Bohari peke yake hakufurahi. Alisimama mlangoni kwake, shingo imeinuka, anatazama juu ya kabati.

"Binti, simu yako umeizima?"

"Nimeizima, Mzee."

"Na hizi nyingine nne zimo humu. Nimezihesabu mimi." Akanyoosha kidole. Ile taa ya mwisho ilikuwa inapepesa kama imepagawa. "Basi hii inamhudumia nani?"

Wote wakatazama juu. Mwalimu akameza mate.

"Kuna mtu anavuta," akasema. "Na anavuta sana. Si ajabu kifurushi kinaisha wiki ya tatu."

Ndipo walipoisikia, kutoka uani, ndogo lakini wazi: sauti ya mtangazaji wa mpira akipiga kelele za goli.

Macho yote yakamgeukia Kinyozi. Kinyozi akainua mikono mitupu. "Mimi niko hapa, jamani! Simu yangu iko jela!"

Walitoka kwa kunyata, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka mbele ya kile chumba kitupu. Kufuli lilikuwa mahali pake, limefungwa, vumbi lake juu yake. Sauti ilitoka ndani.

"Haiwezekani," akanong'ona Mzee Bohari. "Ufunguo wa chumba hiki ni mmoja tu, na ninao mimi."

Akashika pete ya funguo. Akahesabu kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka thelathini na moja. Akafika mwisho. Akarudia. Mara ya tatu kidole kilisimama kwenye nafasi iliyo wazi: ufunguo wa chumba hicho haukuwepo.

Nyuma ya mlango, mtu ambaye hakuna kati yao aliyeijua sauti yake akacheka kwa raha.

"Jamani," akasema, "leo waifai ya nyumba hii imekuwa nzuri!"